Haki ya Jirani Haivunjwi na Siasa

Miongoni mwa wanafunzi niliowafundisha katika chuo cha dini huku ugenini, alikuwapo kijana mmoja kutoka kisiwa cha Pemba. Siku moja katika mwaka 2016, baada ya sala ya alasiri, alinijia akiwa na simu mkononi, na uso wake umesawijika.

"Maalim," akaniambia, "nimeletewa habari na kaka yangu mkubwa. Jirani yetu amefiwa na mama yake. Bibi huyo ndiye aliyemzalisha mama nilipozaliwa mimi. Lakini jirani huyo ni mtu wa chama kingine, na baba yetu alipofariki yeye hakufika kuzika. Watu wa mtaani petu wamekubaliana asiende mtu. Kaka anauliza: aende, au asiende? Naomba uniambie nimjibu nini, maana maiti hangoji."

Nilimjibu kwa neno moja: "Aende." Kisha nikamwahidi kwamba nitamweleza sababu zake kwa utaratibu tukipata nafasi. Somo hili ndilo maelezo yale niliyompa, nami nimeona heri niyaandike, kwani swali la kijana huyu si lake peke yake. Ni swali la kila mahali ambapo watu wa mtaa mmoja wamegawanyika kwa siasa.

Ugomvi ulivyoingia baina ya majirani

Kwanza yatupasa kufahamu jinsi waumini wanaosali msikiti mmoja na kuteka maji kisima kimoja walivyoweza kufika mahali pa kuulizana kama inafaa kumzika bibi kizee.

Wazee wa Zanzibar huziita siku za tangu mwaka 1957 hadi 1963 "zama za siasa". Katika siku hizo vyama vilipoanza kushindania kura, watu walisusiana maduka, wakulima wakafukuzwa katika mashamba waliyokuwa wakilima kwa ridhaa ya wenyewe, na hata katika harusi na maziko watu wakatengana. Wengi walidhani hayo ni mambo madogo yatakayopita. Lakini katika siku ya uchaguzi, tarehe 1 Juni 1961, ghasia zilizuka, na katika siku zile watu 68 wakauawa. Na mwezi Januari 1964 damu nyingi zaidi ikamwagika.

Vyama vingi viliporudi, uchaguzi wa mwaka 1995 ulitoa mshindi wa urais wa Zanzibar kwa tofauti ya kura 1,565 tu. Yaani visiwa viligawanyika nusu kwa nusu. Matokeo yale yalipingwa, na kususiana kukarudi, hasa Pemba: mtu hanunui katika duka la mtu wa chama kingine, hamwitikii salamu, haendi kumzika maiti wake. Viongozi walitia saini muafaka wa kwanza mwezi Juni 1999, lakini haukutekelezwa ipasavyo. Baada ya uchaguzi wa mwaka 2000, maandamano ya tarehe 26 na 27 Januari 2001 yalikabiliwa kwa risasi. Zaidi ya watu 30 waliuawa, na zaidi ya watu 2,000 wakavuka bahari kukimbilia Shimoni katika nchi ya Kenya. Muafaka wa pili ukatiwa saini mwezi Oktoba mwaka huo huo.

Tazama, ndugu msomaji, utaratibu wa mambo haya. Mara zote mbili, kabla ya damu kumwagika, zilitangulia siku ambazo jirani alinyimwa salamu, alinyimwa chumvi, na maiti wake akanyimwa mabega ya kumbeba. Sisemi kwamba kususiana peke yake ndiko kulikoleta mauaji, kwani dhulma za wenye nguvu nazo zilikuwapo na zina hesabu yake mbele ya Mwenyezi Mungu. Nasema kwamba mtu akikwisha kuzoea kumwona jirani yake kuwa si kitu anapofiwa, haitakuwa vigumu kwake kumwona si kitu anapopigwa.

Jirani ni nani?

Katika Sura An-Nisaa, Mwenyezi Mungu ametuamuru tumwabudu Yeye peke Yake, kisha akaandamisha amri ya kuwatendea wema wazazi, jamaa, mayatima na masikini. Baada ya hao ametaja jirani aliye jamaa, na jirani asiye jamaa, na mwenzi aliye ubavuni petu. Zingatia kwamba jirani asiye jamaa ametajwa peke yake, ili mtu asije akadai kwamba amri inawahusu watu wa ukoo wake tu. Wala hapakuwekwa sharti la rangi, wala la kabila, wala la rai.

Mtume Mtukufu s.a.w. ameeleza kwamba Malaika Jibrili alimuusia habari za jirani mara kwa mara, hata akadhani kuwa jirani atapewa fungu katika urithi. Tena aliapa mara tatu kwamba hana imani yule ambaye jirani yake hasalimiki na shari yake. Alimwagiza sahaba wake Abu Dharr r.a. kwamba apikapo mchuzi aongeze maji, apate kuwagawia majirani. Na Bibi Aisha r.a. alipouliza kati ya majirani wawili ampelekee nani zawadi, alijibiwa ampe yule ambaye mlango wake uko karibu zaidi. Basi kipimo alichokitoa Mtume s.a.w. ni ukaribu wa mlango. Hakuuliza mwenye mlango huo ni wa upande gani.

Masahaba walilifahamu jambo hili vyema. Abdullah bin Amr r.a. alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake, aliuliza tena na tena kama jirani yao Myahudi amekwisha kupelekewa fungu lake, na akataja wasia ule wa Jibrili kuwa ndio sababu. Ikiwa tofauti ya dini haikuiondoa haki ya jirani katika nyama ya mbuzi, tofauti ya kadi ya chama itaiondoaje?

Kususia ni silaha ya nani?

Wako wasemao: "Sisi hatumpigi mtu. Tunamsusia tu, na hiyo ni njia ya amani." Kuacha kununua bidhaa fulani ili kupinga dhulma ya wakubwa ni jambo lenye mjadala wake. Lakini kumfungia jirani mlango wa chakula, wa maji na wa maziko ni jambo lingine, na historia ya Uislamu inatuonyesha wazi lilitoka upande gani.

Katika mwaka wa saba wa utume, wakuu wa Kikureshi waliandika mkataba wakautundika katika Al-Kaaba: pasiwe na kuoana na ukoo wa Hashimu, wala kuwauzia, wala kununua kwao. Mtume s.a.w. na jamaa zake, wenye kuamini na wasioamini, walikaa katika bonde la Abu Talib muda upatao miaka mitatu. Walikula majani ya miti, na vilio vya watoto wenye njaa vilisikika nje ya bonde.

Lakini miongoni mwa Wamakka wale wale wasioamini alikuwapo mtu aitwaye Hisham bin Amr. Huyo alikuwa akimpakia ngamia chakula wakati wa usiku, akamwongoza hadi mlango wa bonde, akamvua hatamu na kumpiga ubavuni ili aingie mwenyewe kwa wenye njaa. Kisha akawaendea wenzake mmoja mmoja, akawauliza kama wanaridhika kula na kuvaa hali jamaa zao wanaangamia. Wakawa watu watano, miongoni mwao Mut'im bin Adiy, nao wakasimama hadharani kuukataa mkataba ule, ukavunjika.

Mtume s.a.w. hakuusahau wema huo. Baada ya vita vya Badri alisema kwamba kama Mut'im angalikuwa hai na akawaombea mateka wale, angaliwaachia huru kwa ajili yake. Mut'im alikuwa amekufa bila ya kusilimu. Basi wema wa mtu wa upande wa pili uliwekwa akibani mpaka baada ya vita.

Siku zikageuka, nguvu ikawa upande wa Waislamu. Thumama bin Uthal, mkubwa wa Yamama, aliposilimu aliapa kwamba haitaingia Makka hata punje moja ya ngano kutoka kwao ila kwa idhini ya Mtume s.a.w. Makka ikabanwa na njaa. Wale wale walioandika mkataba wa bondeni wakamwandikia Mtume s.a.w. wakimkumbusha udugu. Angaliweza kuwaambia waonje walichowaonjesha wengine. Lakini alimwagiza Thumama aachilie ngano ipite. Basi mwenye kumfungia jirani yake duka kwa sababu ya siasa ajiulize: anafuata mwendo wa Mtume s.a.w., au wa wale walioutundika mkataba?

Mtume s.a.w. katika maziko ya mpinzani wake

Sasa tuje kwenye swali lenyewe la maziko. Abdullah bin Ubayy bin Salul alikuwa mkubwa wa watu wa Madina. Kabla ya kufika Mtume s.a.w., watu wake walikuwa wakimtengenezea taji la utawala. Kufika kwa Mtume s.a.w. kukamkosesha utawala huo, na tangu hapo moyo wake haukupata raha. Uadui wake ulikuwa, kwa lugha ya leo, uadui wa siasa uliovaa vazi la dini. Aliwarudisha nyuma watu kiasi cha mia tatu njiani siku ya Uhud. Alishiriki kueneza uzushi juu ya Bibi Aisha r.a. Hata mwanawe mwenyewe, aliyekuwa Mwislamu safi, alimwendea Mtume s.a.w. akasema kwamba kama baba yake ni wa kuuawa, basi apewe yeye kazi hiyo. Mtume s.a.w. akakataa, akamwambia kwamba watamtendea wema baba yake muda wote akaapo pamoja nao.

Mtu huyo alipofariki katika mwaka wa tisa wa Hijra, Mtume s.a.w. alitoa kanzu yake mwenyewe awe ndiyo sanda yake, akasimama kumsalia. Seyidna Umar r.a. hakustahimili, akamkumbusha moja baada ya jingine maovu ya maiti yule. Mtume s.a.w. hakuyakanusha maovu hayo. Alitabasamu tu, akaendelea na sala.

Hapa msomaji mwenye elimu ataweza kusema: "Lakini baada ya tukio hilo iliteremka aya katika Sura At-Tauba iliyokataza kuwasalia wanafiki." Ni kweli, na ni haki lijibiwe. Aya ile inawazungumzia watu waliomkana Mwenyezi Mungu na Mtume Wake wakafa katika hali hiyo, na aliyewahukumu ni Yeye Ajuaye yaliyomo vifuani. Je, ni nani kati yetu aliyeteremshiwa wahyi juu ya moyo wa jirani yake? Mtu aliyempigia kura mgombea usiyempenda hakumkana Mwenyezi Mungu. Mwenye kuigeuza aya ile kuwa hukumu ya kadi za chama amejipa cheo ambacho hakupewa.

Tena kuna tukio lingine. Jeneza lilipitishwa mbele ya Mtume s.a.w., akasimama. Akaambiwa kuwa maiti huyo ni Myahudi. Akawauliza kama huyo naye si nafsi. Basi ikiwa heshima ya maiti ni kwa sababu ya nafsi aliyoiumba Mwenyezi Mungu, hakuna uchaguzi unaoweza kuiondoa.

Je, huku ni kunyamazia dhulma?

Kijana wangu aliposikia hayo alikaa kimya kidogo, kisha akasema: "Maalim, na kura zetu? Uchaguzi wa mwezi Oktoba 2015 ulifutwa, ukarudiwa mwezi Machi, na chama chetu hakikushiriki. Tukienda kuwazika, hawatasema tumeridhika?"

Hilo ni swali la haki, wala si vyema mwalimu wa dini alikimbie. Uislamu haukumwamuru mtu kukiita cheusi cheupe ili apate amani. Mtume s.a.w. alituamrisha kumnusuru ndugu yetu akiwa mdhulumiwa au akiwa dhalimu, na alipoulizwa dhalimu atanusuriwaje, alieleza kwamba ni kwa kumzuia na dhulma yake. Mwenye madai na aseme kwa ulimi, aandike kwa kalamu, aende mahakamani, aketi katika mazungumzo. Lakini Sura Al-Maida imetuonya kwamba chuki yetu kwa watu isitusukume tukaacha uadilifu. Na Sura hiyo hiyo imefundisha kwamba kuiua nafsi moja bila ya haki ni kama kuwaua watu wote. Onyo hili ni la mwenye bunduki na la mwenye panga, la mtawala na la mpinzani.

Jambo la pili ni hili: je, bibi yule marehemu ndiye aliyefuta uchaguzi? Mkosa yuko mbali, nasi twamlipiza aliye karibu kwa kuwa mkono wetu unamfikia. Huko si kudai haki.

Na jambo la tatu: madai ya haki hayakupata kuharibika kwa sababu ya wema. Tarehe 5 Novemba 2009, Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad, waliokuwa wameshindana katika chaguzi mbili, walikutana Ikulu ya Zanzibar wakazungumza. Hakuna aliyeiacha itikadi yake. Matokeo yake ni kwamba tarehe 31 Julai 2010 wananchi waliulizwa kwa kura ya maoni, na asilimia 66.4 wakakubali serikali ya umoja wa kitaifa. Uchaguzi uliofuata mwaka ule ulikuwa wa ushindani mkali kama ule wa 1995, na tofauti ya kura haikufika 4,000, lakini watu walilala majumbani mwao kwa salama. Ni kweli kwamba mapatano yale yaliyumba baada ya 2015, na yakahitaji kufungwa upya mwezi Desemba 2020, baada ya uchaguzi mwingine wenye vurugu. Mapatano ya viongozi ni kama jahazi: huenda na hurudi kwa pepo. Ujirani ndio gati. Gati likivunjika, jahazi litafunga wapi?

Mambo ya kushika

Kwa kufuata mafundisho haya, yatupasa kushika mambo manne hasa nyakati za uchaguzi.

Kwanza, tusiikate salamu. Mtume s.a.w. amekataza Mwislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu, na mbora wao ni yule anayeanza kusalimu.

Pili, tusiifanye haja ya lazima kuwa silaha. Maji, chakula, dawa, kumpeleka mgonjwa hospitali na kumzika maiti ni haki zisizongoja matokeo ya kura.

Tatu, tuilinde nyumba ya jirani kama yetu. Vijana wakija kumchomea nyumba au kumkatia mikarafuu, wewe uliye wa chama chao ndiwe wa kwanza kupaswa kusimama mlangoni pake, kwani wewe watakusikiliza.

Nne, tuuzuie ulimi. Maneno ya kumwita jirani jina la mnyama au la mgeni asiye na kwao hutangulia mbele, na mawe hufuata nyuma.

Mwisho wa habari ya kijana

Kijana alimpelekea kaka yake jibu. Baadaye alinieleza yaliyotokea. Kaka alikwenda peke yake, akasimama safu ya nyuma. Jeneza lilipoinuliwa, jirani aligeuka akamwona. Hakusema neno, ila alisogea akampa nafasi chini ya ubao, wakabeba bega kwa bega hadi makaburini. Wako watu wa mtaani walioacha kumwamkia kaka huyo kwa miezi mingi, naye akastahimili. Lakini siku ya tatu baada ya maziko, jirani alibisha hodi kwao. Alikiri kwamba alikosa kwa kutomzika baba yao, akaomba jambo moja tu: aonyeshwe kaburi lilipo, apate kumwombea dua. Wakaenda pamoja.

Sura Fussilat imetufundisha kwamba wema na ubaya havilingani, na kwamba mwenye kuukinga uovu kwa lililo jema zaidi atamwona aliyekuwa adui yake amekuwa kama rafiki mpenzi. Imeongeza kwamba daraja hiyo hawaipati ila wenye subira. Naam, ile miezi ya kutoamkiwa ndiyo bei ya subira hiyo, na kaka yule aliilipa.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa majirani ambao shari yetu haiogopwi na wema wetu unatumainiwa. Azilinde nchi zetu na fitina za kumwaga damu, awape viongozi wetu uadilifu, na sisi atupe nguvu ya kuanza salamu. Amin.